Mwanga ukitoka kwenye kioo, nani anaurudishia spidi?

Kuna mwalimu wa fizikia wa sekondari, yuko Singida, kaniletea swali. Anasema Ijumaa alikuwa na kidato cha tatu, kaandika ubaoni kwamba mwanga hewani unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ukiingia kwenye kioo unashuka mpaka kama 200,000, ukitokea upande wa pili unarudi 300,000 kama kawaida. Kijana wa dawati la nyuma kanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, ukitoka nani anausukuma?" Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka nao, akasema tutaliangalia Jumatatu. Alipofika nyumbani kicheko kimeisha na jibu hana.

Mwalimu, habari za kazi. Huyo kijana usimuache hivi hivi, maana wenzake waliocheka wote wamenakili ubao na yeye peke yake ndo aliyesoma kilichoandikwa. Mimi chuo nilisoma fizikia lakini mkate wangu ni faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, miaka kibao navuta kebo na kutafuta zilipokatika, kwa hiyo hii habari ya mwanga kutembea polepole ndani ya kioo nakutana nayo kazini, na nikikosea namba naadhirika mbele za watu. Nitakusimulia nilivyoadhirika huko mbele.

Jibu fupi la kumpa: hakuna anayeusukuma, kwa sababu hakuna aliyeuzuia. Najua hapo atakuangalia kwa jicho la "mwalimu unanikwepa", ndo maana inabidi twende taratibu.

Kosa liko kwenye picha aliyo nayo kichwani. Anauona mwanga kama jiwe. Ukirusha jiwe kwenye tope linapungua mwendo, na likifanikiwa kutokea upande wa pili linatoka limechoka, halirudi spidi yake mpaka mtu alipige teke. Sawa kabisa kwa jiwe. Lakini mwanga ni wimbi, na spidi ya wimbi haibebwi na wimbi mfukoni, inapangwa na mahali linapopita. Mfano mzuri wa huko kwenu ni reli ya kati, ile inayopita Manyoni na Itigi. Mtu akigonga reli kwa nyundo, sauti inakimbia ndani ya chuma zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, wakati hewani sauti hiyo hiyo ni kama mita 340 tu. Ikifika mwisho wa chuma ikatoka hewani inarudi 340 palepale. Sasa muulize: nani kaifunga breki? Kwa sauti hakuna anayeuliza, kila mtu anaona ni kawaida, chuma kina mwendo wake na hewa ina mwendo wake. Mwanga ni habari hiyo hiyo ila kinyume, hewani unakimbia sana na kwenye kioo unakimbia kidogo. (Wasiende kutega masikio relini lakini, treni haina utani.)

Kuna jambo lingine linawachanganya wanafunzi na hata mafundi wenzangu wapya, nalo ni kuchanganya nguvu na spidi. Mwanga ukipita kwenye kioo kweli unapoteza kitu. Kila uso wa kioo unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, ndo maana usiku ukisimama dirishani na taa imewaka ndani unajiona. Kwa hiyo unaotoka upande wa pili ni hafifu kidogo kuliko ulioingia. Hafifu, lakini sio mzito wa miguu. Kwenye faiba ndo inaonekana vizuri: faiba nzuri ya kisasa inapoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita, ukizidisha kwa kilomita 50 ni desibeli 10, yaani imebaki sehemu moja tu ya kumi ya mwanga uliotuma. Kilomita 100 imebaki moja ya mia. Na ile moja ya mia iliyobaki inakwenda spidi ile ile iliyoanza nayo, haijapungua hata nukta, na ikichomoka kwenye ncha ya faiba inaruka hewani na spidi ya hewani kama vile haijatoka safarini. Mwanga haufi kwa kuchoka, unakufa kwa kupungua idadi.

Haya, sasa kwa nini ndani ya kioo uende polepole hata kama hakuna aliyeuzuia? Hapa ndo penye utamu na ndo penye uongo mwingi pia, kwa hiyo acha nitoe uongo kwanza.

Uongo wa kwanza unasema atomu inaumeza mwanga, inakaa nao kidogo, alafu inautema, inayofuata inaumeza tena, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ule muda wa kukaa tumboni ndo ucheleweshaji. Inavutia, hata mimi niliwahi kuifundisha. Lakini atomu ikimeza mwanga na kuutema, huo mwanga unatoka upande wowote ule, haina kumbukumbu kwamba ulikuwa unaelekea wapi. Kioo cha dirisha kingekuwa kama glasi ya maziwa, mwanga ungepita ila ya nje usingeyaona. Tena atomu haimezi rangi yoyote tu, inachagua, na kioo kinaonekana angavu kwa sababu rangi tunazoziona sio zile kinazozipenda kuzimeza. Uongo wa pili unasema mwanga unadundadunda kati ya atomu kama mpira kwenye msitu wa miguu, njia inakuwa ndefu. Nao unakufa kwa sababu ile ile, ungedundadunda usingetoka umenyooka, na tochi ya leza ukiipitisha kwenye kipande cha kioo inatoka imenyooka kama uzi.

Kinachotokea kweli ni hiki. Mwanga ni mtikisiko wa umeme na sumaku. Ukiingia kwenye kioo unakuta elektroni zimejaa kila mahali, na mtikisiko wa umeme unazitingisha. Elektroni ikitingishwa nayo inatoa kijiwimbi chake chenye mdundo ule ule, ila kimechelewa kidogo nyuma ya bosi wake. Chukua kwaya ya kanisani au kundi la dufu, kiongozi anaanza na wengine wanaitikia wakiwa nyuma yake kwa nukta ndogo, aliyekaa mbali hasikii kiongozi peke yake wala waitikiaji peke yao, anasikia mchanganyiko, na mchanganyiko huo mdundo wake unakuwa nyuma kidogo ya mdundo wa kiongozi. Tabaka la kwanza la atomu linaongeza kuchelewa kidogo sana, la pili linaongeza kingine juu yake, na tabaka ziko mamilioni kwenye unene wa kioo. Ukijumlisha zote unapata wimbi ambalo ukilipima linaonekana linatembea kilomita 200,000 kwa sekunde badala ya 300,000.

Na hapa sikiliza vizuri mwalimu, maana ndo jibu la kijana liko hapa. Vile vijiwimbi vyote, cha kiongozi na vya waitikiaji, kila kimoja kinatembea kwa spidi ile ile ya siku zote, kilomita 299,792.458 kwa sekunde, hakuna hata kimoja kilichopunguza mwendo. Kilichochelewa ni jumla yao. Kuchelewa kunaongezwa tabaka kwa tabaka, na wimbi likifika mwisho wa kioo tabaka zimeisha, elektroni za kuitikia hakuna tena, basi hakuna wa kuongeza kuchelewa kwingine. Kwaya imebaki nyuma, wimbi linaendelea na mwendo ambao kiukweli halikuwahi kuuacha. Ndo maana nikasema hakuna wa kuusukuma.

Akikukaba na chembe, maana wajanja wa kidato cha tatu siku hizi wameshasikia habari za fotoni, yaani chembe za mwanga, je fotoni moja moja nayo inachelewa? Inachelewa. Mwaka 1992 huko Berkeley, California, Steinberg, Kwiat na Chiao walizitoa fotoni mbili pacha, moja wakaipitisha kwenye kipande cha kioo na nyingine hewani, wakakuta ya kwenye kioo imechelewa sawasawa na hesabu ya wimbi inavyosema. Fotoni moja inatosha kuitikisa kwaya nzima. Maelezo kamili ya hilo yanahitaji fizikia ya kwantamu na sio ya kipindi cha dakika 40, usijiingize huko.

Kinachobadilika wimbi likiwa ndani ni urefu wake, sio mdundo, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Wengi hapa wanateleza. Mdundo unapangwa na chanzo, mlango wa kioo hauwezi kupokea mitikisiko mingi kwa sekunde kuliko unayoitoa, ingekuwa inarundikana wapi? Fikiria foleni ya matuta barabarani: magari yanafika kwenye tuta yanapunguza mwendo, yanasogeleana, yakivuka yanaachana tena, lakini idadi inayopita kwa dakika kabla ya tuta na baada ya tuta ni ile ile. (Mfano huu unafaa hapo tu, maana magari yana madereva wanaokanyaga mafuta, usiupeleke kwenye swali la nani anasukuma, utajichongea.) Kwa hiyo mwanga mwekundu wenye wimbi la nanomita 650 hewani, kwenye maji unabanwa kuwa kama 488, na bado ni mwekundu, maana rangi inafuata mdundo. Nishati ya fotoni nayo inafuata mdundo, kwa hiyo haijaguswa, na kama haijaguswa hakuna deni la kulipwa wakati wa kutoka. Ukitaka kumfunga kijana kwa hoja moja ya mtihani mpe hiyo.

Namba zenyewe sasa. Tunagawa spidi ya kwenye ombwe (mahali pasipo na hewa wala kitu chochote) kwa spidi ya kwenye kitu tunapata n, sisi mafundi tunaiita indeksi tu. Hewa ni 1.0003, yaani mwanga unapunguza kama kilomita 90 kwa sekunde, ambayo kwa mwanga ni hela ya kubakisha kwa konda. Barafu 1.31, maji 1.33, kwa hiyo kwenye maji unakwenda kama 225,000. Mafuta ya alizeti kama 1.47. Kioo cha dirisha 1.52, karibu 197,000. Almasi 2.42, hapo umeshuka mpaka 124,000, na huko kushuka ndo kunafanya mwanga ukiingia kwenye almasi usipate njia ya kutoka kirahisi, unageuzwageuzwa ndani ndo mng'aro ule watu wanaolipia. Silikoni, ile ya kutengenezea chipu za simu, kwa mwanga wa infraredi iko kama 3.5, huko ni kama 86,000 tu.

Hata ile 1.0003 ya hewa usiidharau. Mchana wa jua kali kwenye lami ya Dodoma kuja kwenu, hewa iliyogusa lami inapata moto inakuwa nyepesi, n yake inashuka kidogo mno, mwanga unaokuja chini unakimbia zaidi kuliko wa juu yake kwa tofauti ya kuchekesha, na hiyo tofauti inatosha kuupinda mwanga wa anga ukuingie machoni kutokea chini. Unaona maji barabarani, mazigazi, kumbe ni kipande cha mbingu.

Mtego mmoja wanafunzi wanauingia kila mwaka, na vitabu vinawasaidia kuuingia: wanaambiwa kitu kikiwa kizito zaidi kwa ujazo ndo kinachelewesha mwanga zaidi. Mara nyingi inakubali. Lakini chukua mafuta ya alizeti, yanaelea juu ya maji, mepesi kuliko maji, na n yake ni 1.47 dhidi ya 1.33 ya maji. Spiriti nayo, nyepesi kuliko maji, n 1.36. Uzito sio wenye kauli, wenye kauli ni elektroni, ziko ngapi na zinatingishika kwa urahisi kiasi gani zikiguswa na mdundo wa rangi hiyo. Na kwa sababu elektroni haziitikii kila mdundo sawa, zambarau inacheleweshwa zaidi kuliko nyekundu, ndo prizimu inachana rangi na ndo upinde wa mvua upo. Hata kwenye faiba, tunatumia mwanga wa nanomita 1310 na wa 1550, yote haionekani kwa macho, na indeksi zake zinaachana kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta. Wakati mwingine hata hiyo ya nne inauma.

Ambayo inanileta kwenye aibu yangu. Faiba ikikatika chini ya ardhi huwezi kuiona, unachomeka kimashine cha OTDR kwenye ncha, kinatuma palsi ya mwanga, yaani mwako mfupi sana, palsi inafika palipokatika inarudi mwangwi, kimashine kinahesabu muda wa kwenda na kurudi. Kilomita moja ya faiba mwanga unaipita kwa maikrosekunde 4.9, kwenda na kurudi 9.8. Lakini kimashine kinapima muda tu, umbali hakijui, umbali kinaupata kwa kugawa na ile indeksi uliyokiwekea wewe. Nilikuwa bado mgeni kazini, kampuni niliyokuwepo ilikuwa na laini barabara ya kusini, mambo yakakatika usiku, asubuhi na mapema nikachomeka, kikasoma mkato uko kilomita 39.2. Tukaenda na vijana wanne na majembe, tukahesabu, tukafika chini ya mkorosho mmoja mkubwa, tukachimba. Kebo tukaikuta nzima, imelala kama mtoto. Tukaongeza mita kumi kushoto, kumi kulia, jua limepanda, mwenye shamba kaja anatuangalia tu hasemi kitu, mpaka saa nane mchana fundi mkubwa akafika na pikipiki, hakusalimia, akachukua kimashine akaangalia setingi, akanionyesha: indeksi imewekwa 1.5000. Aliyekitumia kabla yangu sijui alikuwa anapimia nini, na mimi sikuangalia. Faiba yetu ni 1.468.

Piga hesabu hapo na wanafunzi wako, inafaa sana. Mwanga kwa kweli ulikuwa unakimbia kama 204,200 ila kimashine kilidhani unakimbia kama 199,900, kwa hiyo kwa muda ule ule kikasoma umbali mfupi. Zidisha 39.2 kwa 1.5 ugawe kwa 1.468, unapata 40.05. Tulikuwa tunachimba mita 850 nyuma ya mkato. Tulipofika huko tukakuta katapila la watu wa barabara limepita, limekata, na wamefukia vizuri kabisa na kusawazisha. Tangu siku hiyo kabla sijachomeka kitu naangalia indeksi, hata kama kimashine ni changu na nimelala nacho. (Na bado kuna tofauti nyingine, faiba ndani ya kebo ni ndefu kuliko kebo yenyewe maana imelegezwa, na kwenye kila shimo la jointi kuna mizunguko ya akiba, kwa hiyo umbali wa faiba sio umbali wa barabara. Hiyo ni ya mafundi.)

Sasa historia, na hii nakuomba umwambie kijana, maana itampa raha. Huyu kijana yuko upande wa Newton. Newton aliona mwanga ni chembe, na alielezea kupinda kwake kwenye maji kwamba maji yanazivuta chembe pale mpakani, zikivutwa zinaongeza spidi. Yaani kwake mwanga kwenye maji unakimbia zaidi kuliko hewani, na kuna mvutaji. Wale wa wimbi, akina Huygens wa Uholanzi, hesabu yao ikasema kinyume, kwenye maji lazima uwe polepole. Wote wawili walielezea kijiti kuonekana kimevunjika kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo kijiti hakikuweza kuamua, ilibidi mtu apime spidi yenyewe. (Muda mrefu kabla yao Ibn al-Haytham, akiwa Cairo karne ya 11, alishaandika kwamba mwanga unapita kwa taabu zaidi kwenye vitu vizito, ila kupima haikuwezekana enzi hizo.)

Mwaka 1838 mwanafizikia Arago huko Paris akatoa wazo la kutumia kioo cha kujitazamia kinachozunguka kwa kasi, mwanga uende ukagonge kioo cha mbali urudi, ukirudi ukute kioo kinachozunguka kimeshageuka kidogo, na ukichelewa zaidi kimegeuka zaidi. Macho yakamharibikia kabla hajafanikiwa. Wakaichukua vijana wawili, Foucault na Fizeau, waliokuwa marafiki wanafanya kazi pamoja na sasa wakawa wanashindana. Foucault akazungusha kioo chake kwa katurbini ka mvuke, akaweka bomba la maji la mita 3 kwenye njia, na mwaka 1850 akaona: mwanga uliopita kwenye maji umerudi umechelewa. Fizeau akathibitisha wiki chache baadaye. Mita 3 za maji kwenda na kurudi zinachelewesha mwanga kama nanosekunde 7, na hawa watu hawakuwa na taa ya umeme ya kuaminika sembuse kompyuta. Mimi nikiangalia kimashine changu kinavyopima nanosekunde kikiwa kwenye begi huwa nawaheshimu sana.

Maswali mawili yatakuja baada ya hapo, nakupa majibu mapema. La kwanza: kama kwenye maji mwanga ni 225,000 tu, kitu kingine kinaweza kuupita? Kinaweza. Marufuku ni kupita ile 299,792 ya kwenye ombwe, hii ya kwenye maji haina askari. Elektroni zinazotoka kwenye mabaki ya nyuklia zinaingia kwenye maji zikiwa na spidi kuliko mwanga wa humo, na zikifanya hivyo zinaacha nyuma mwanga wa bluu, kama boti linavyoacha mkia wa mawimbi likikimbia kuliko mawimbi yenyewe. Cherenkov wa Urusi ya Kisovyeti aliufuatilia mwaka 1934, Frank na Tamm wakaueleza, mwaka 1958 wote watatu wakapewa Nobel. Ile bluu nzuri ya kwenye mabwawa ya vinu vya nyuklia ndo hiyo.

La pili: unaweza kupunguzwa mpaka wapi? Mwaka 1999 huko Marekani mama mmoja wa Denmark, Lene Hau, na wenzake walichukua wingu la atomu za sodiamu lililopoozwa mpaka karibu kabisa na baridi ya mwisho, wakalitayarisha kwa leza nyingine, wakapitisha palsi ya mwanga ikatembea mita 17 kwa sekunde. Ni kama kilomita 61 kwa saa, daladala lisilo na haraka. Miaka miwili baadaye wakausimamisha kabisa kwa muda mfupi alafu wakauachia. Na ulipotoka nje ya wingu, kijana wako atapenda kusikia, ulikimbia kama kawaida na hakuna aliyeusukuma.

Mtu akikuuliza hii yote inamhusu nini mtu wa Singida, mwambie aangalie simu yake. Kebo ya baharini kutoka Mombasa mpaka Fujairah, Falme za Kiarabu, ni kama kilomita 5,000. Ndani ya kioo mwanga unachukua kama milisekunde 25 kwenda, na nyingine hizo kurudi, jumla 49, ingekuwa ombwe ingekuwa 33. Hizo 16 ni kodi ya kioo, na hakuna kampuni itakayokuuzia bando la kuiondoa. Pamoja na kodi hiyo bado faiba imetuokoa, maana kabla kebo hazijafika pwani yetu mwaka 2009 tulikuwa tunatumia setilaiti za kilomita karibu 36,000 juu, mawimbi yanakimbia spidi kamili kabisa kwenye ombwe lakini safari ni ndefu, kwenda na kurudi unakaribia nusu sekunde, waliopiga simu enzi hizo wanakumbuka mlivyokuwa mnaongea wote kwa pamoja alafu mnanyamaza wote kwa pamoja. Siku hizi kuna faiba zenye tundu katikati, mwanga unapita kwenye hewa ya tundu badala ya kwenye kioo, na ndo zinazotafutwa na watu wanaohesabu pesa kwa maikrosekunde.

Kwa Jumatatu sasa. Uko Singida, alizeti ndo nyumbani kwake, tumia hiyo. Chukua bika, tia mafuta ya alizeti, alafu chukua testityubu ya maabara, ile ya kioo kinachostahimili moto, n yake nayo ni kama 1.47. Izamishe ukiijaza mafuta na ndani. Itapotea. Wanafunzi wataona vidole vyako vimeshika kitu ambacho hakipo. Mwanga ukivuka kutoka mafuta kwenda kioo haubadili spidi, kwa hiyo haupindi wala haurudi, na jicho halina cha kuona. Alafu izamishe nyingine kwenye maji, itaonekana vizuri tu. Usitumie glasi ya kunywea au chupa ya soda, hizo ziko 1.52, utabaki na kivuli na wanafunzi watakuzomea. Alafu mimina maji kidogo kwenye yale mafuta, yaende chini, uwaonyeshe kwamba mafuta yaliyo juu na mepesi ndo yanayochelewesha mwanga zaidi.

Mpe kijana ndo aizamishe. Na mafuta mkimaliza usiyarudishe jikoni, zile testityubu zimepitia mengi.